Kurudishiwa Mdogo Wangu Kama Alivyokuwa

Kwa Mkuu wa Kituo cha Tiba ya Uraibu,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Mheshimiwa Mkuu,

YAHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA KUPONA KWA MDOGO WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, hasa yule mama wa mapokezi anayesalimia watu kana kwamba hakuna aliyekuja na aibu. Mimi ni katibu muhtasi, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Barua za malalamiko nimeziandika nyingi, ila zote zilikuwa za mabosi. Hii ni ya kwanza kwa niaba yangu mwenyewe. Ukiona nimejizuia, ujue ni malezi tu.

Mdogo wangu ni fundi bomba, mtaani wanamwita Spana. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mlevi wetu. Nasema wetu kwa sababu kila familia ina wake, na sisi wetu tulikwishamzoea. Aliwahi kudumbukia kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe asubuhi yake, akalala humo mpaka wenye nyumba wakadhani ni sehemu ya kazi. Mwezi wa pili Mama alimleta kwenu amemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Tulitarajia mtampa dawa, alale, aamke, atoke. Badala yake mkampa mshauri, daftari na maswali. Mnaiita tiba ya tabia. Sasa ni miezi saba hajaonja tone, na nyumba haikaliki. Sababu ni hizi:

1. Amejifunza kukataa. Naambiwa mnawafanyisha mazoezi: mmoja anajifanya rafiki mwenye chupa, mwingine anamtazama machoni na kusema hapana. Zoezi jema. Lakini hamkumwambia liishie kwenye pombe! Zamani sinki la Mjomba likiziba, alimwita Spana, akamwonyesha chupa, kazi ikaisha. Hivi karibuni kampigia simu, akajibiwa: "Hapana, Mjomba. Ahsante kwa kunifikiria. Leo nina kazi ya mtu, tupange siku." Mjomba ameweka ndoo chini ya sinki wiki ya tatu sasa, na anasema huyo si mtoto wa dada yake.

2. Hatuna tena wa kulaumiwa. Kikombe kikivunjika, alikuwa Spana. Funguo zikipotea, Spana. Nikichelewa kazini nilimwambia bosi, "Si unajua tena, mdogo wangu," na bosi alitikisa kichwa kwa huruma. Sasa Spana ameacha pombe, na funguo bado zinapotea. Nimefanya uchunguzi, Mheshimiwa, na imebainika kuwa ni mimi.

3. Anaamka alfajiri na kupiga mluzi. Hili halihitaji maelezo.

4. Anakumbuka. Mlevi husahau, hiyo ndiyo faida yake. Miaka miwili iliyopita Mama alivunjika mkono, na sote tukakubaliana kwamba aliteleza bafuni. Majirani tuliwaambia bafuni, daktari tulimwambia bafuni, mpaka mimi mwenyewe nikawa naiogopa ile sakafu. Jumapili moja tuko mezani, Spana akaweka kijiko chini. "Mama, hukuteleza. Nilikusukuma mimi." Mheshimiwa, watu walikuwa wanakula! Mama akasema, "Najua, mwanangu. Nilikuwa nangoja na wewe ujue." Wakalia wote wawili, wameshikana mikono juu ya bakuli la mchuzi, chakula kikapoa. Kazi yangu ya miaka miwili, niliyoifanya bila kukosea hata mara moja, ikabomolewa kwa maneno manne.

5. Daftari. Nilikuwa nafuta vumbi mezani kwake, likafunguka lenyewe kwenye ukurasa wa tisa. Kumbe mmemwagiza aorodheshe vichochezi, yaani mambo yanayomtia hamu ya kunywa. Ameandika hivi: "Baa ya kona. Jamaa wa gereji. Mvua ya jioni. Dada."

Mimi! Nimembeba mgongoni huyu. Nimemfungia kamba za viatu. Leo nimepangwa foleni moja na baa, tena nyuma ya mvua! Nikampigia simu mshauri wenu nimuulize, kwa heshima zote, kosa langu ni nini. Hakunijibu. Akaniuliza yeye: "Dada, chupa za nyumbani alikuwa akizipata wapi?"

Swali gani hilo? Nilikuwa nazinunua mimi. Ijumaa nikitoka kazini, nazifunga ndani ya gazeti. Mlevi aliyelala chumbani kwake hagombani na watu barabarani, hagongwi na gari, wala harudishwi amebebwa na majirani. Nilijua yuko wapi. Nilikuwa nasukuma mlango wake taratibu, nasikiliza kama anapumua, ndipo nami nalala. Kama huo si upendo, niambieni mnauitaje huko kwenu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mumrudishe kama alivyokuwa. Ikishindikana, basi nusu: alewe mwisho wa juma tu, asahau habari za Mama, akumbuke fadhila zangu. Na kama hata hilo haliwezekani, jina langu liondolewe kwenye ile orodha, au walau liwekwe mbele ya mvua.

Nawatakia kazi njema kwa ndugu za watu wengine. Nisalimie mama wa mapokezi, mlinzi wa pale ngazini, na mshauri pia, maana adabu ni adabu.

Wako katika masikitiko,
Dada Mkubwa wa Spana

Nyongeza: Nilichelewa kuituma. Jana Spana alitakiwa awe nyumbani saa kumi jioni. Ilipofika saa kumi na mbili, hajafika na simu hapokei, nilitoka na kandambili zangu. Niliingia baa ya kona, mimi ambaye sijawahi kukanyaga pale, nikachungulia mpaka jikoni. Hayupo. Nikaenda gereji. Hayupo. Nilimkuta kwenye ngazi za kituo chenu, mlango umefungwa, amekaa na mkoba wa vifaa miguuni, anatazama saa. Akaniambia mmemfundisha kwamba hamu ikija aisubiri robo saa, itapita. "Hii ni robo saa ya sita, Dada."

Nikakaa. Tukasubiri nyingine mbili pamoja. Kisha akashusha pumzi, akasimama, akaninyooshea mkono niinuke, tukaenda nyumbani.

Tafadhali msimrudishe kama alivyokuwa. Barua hii ningeichana, ila namba tano ni ya kweli, na nataka mshauri aisome kabla sijabadili mawazo. Nasikia Alhamisi mna kikao cha ndugu wa wagonjwa. Niandikeni jina. Nitakaa nyuma.