Msiba wa Chekoslovakia Katika Stesheni ya Ifakara

Remigius hakuupata uprofesa kwa masomo; aliupata kwa njaa. Ilikuwa Juni 1993, siku ya pili tangu ashuke kutoka kwenye treni, na kitumbua alichokinunua sokoni Ifakara kilifungwa katika karatasi ngumu yenye picha ya jengo refu na chupa za kioo. Baada ya kula aliifuta mafuta, akasoma maelezo yake ya Kiingereza: Chuo Kikuu cha Ufundi wa Kemia, mali ya umma, Chekoslovakia; kinafundisha kemia na uhandisi wa kemia; vijana wa Afrika wanakaribishwa. Alipoinua kichwa, macho yake yalitua juu ya kilima cha pumba nyuma ya mashine ya kukoboa ya Mzee Eustaki. Mambo hayo mawili yakakutana kichwani mwake, yakafunga ndoa.

Inafaa ieleweke kwamba kwa miezi minane iliyotangulia Remigius alikuwa mgeni wa serikali, akila na kulala kwa gharama ya umma, mahali ambapo milango hufungwa kwa nje na redio hairuhusiwi. Ieleweke pia kwamba alikuwa na shabaha njema. Baba yake Yosefina, huko Dar es Salaam, alikuwa ameapa kutomwoza binti yake kwa mtu asiye na mlango wa duka. Remigius alihitaji duka la mchele. Mlango angeutafuta baadaye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mpunga wako uko wapi?"

"Sikuleta mpunga. Nimekuja kutazama utajiri unaoutupa." Akaelekeza kidole kwenye kilima.

"Hizo ni pumba."

"Kwa asiyesoma, mzee wangu. Kwa mhandisi wa kemia, hiyo ni petroli iliyolala usingizi."

Mzee Eustaki aliizima mashine. Hakuna aliyekumbuka siku ambayo aliwahi kuizima kwa ajili ya mtu, hata paroko.

Remigius alijitambulisha kuwa ni Profesa, mwakilishi wa chuo, aliyetumwa kuchagua vijana wa bonde la Kilombero. Alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu kuwa ni Songea, yeye ni Mngoni. Kwao hasa ni kwingine kabisa, na hatutakutaja, kwa kuwa watu wa huko hawakumtuma. Aliichagua Songea kwa sababu ilikuwa mbali.

Mzee Eustaki, Mpogoro wa Mahenge, alicheka mpaka vumbi likamtoka kwenye ndevu. "Kumbe mtani! Babu zako walikula mbuzi wetu wakawamaliza, leo wamekutuma uje kutusomesha?"

Remigius alicheka pamoja naye. Utani aliujua, lakini ule wa mdomo tu, wa vijiweni. Hakujua kwamba huku utani una mikono.

"Na ada?"

"Chuo ni cha umma, mtani wangu. Ada hakuna. Ila kila familia hutoa gunia moja la mchele, mchele si mpunga, kwa ajili ya bwalo. Wazungu wa kule wamekula viazi mpaka wanalia."

Jumamosi mtihani ulifanyika katika uwanja wa mashine. Walikuja vijana kumi na wanne, wengine kutoka vijiji vya Michenga na Mchombe, akiwemo Beatus, mwana wa Mzee Eustaki, ambaye alikuwa amepata sifuri ya kidato cha nne mara mbili, kwa uthabiti wa kupigiwa mfano. Profesa alimimina maji ya choya, yale mekundu ya maua, katika bilauri mbili. Moja aliikamulia ndimu, ikawaka wekundu. Nyingine aliitia magadi, ikageuka kijani. Wazazi walishusha pumzi kama watu waliopokea komunyo.

"Sheria ya kwanza ya kemia," akatamka. "Maada haiumbwi wala haipotei. Hubadilika umbo tu."

Msichana aliyekuwa akifagia pumba alinyoosha mkono. Alikuwa Careen, dada yake Beatus, aliyefaulu kemia kuliko wote shuleni kwao na kisha akakabidhiwa ufagio.

"Shikamoo, Profesa. Hiyo ni asidi na besi. Tuliifanya kidato cha pili."

"Careen, fagia," alisema baba yake. "Gunia ni moja, nalo ni la Beatus."

"Basi naomba nisome hiyo karatasi tu, baba."

Profesa alimpa, kwa ukarimu wa wasomi. Careen aliisoma pande zote mbili, doa la mafuta likiwemo. "Profesa, Chekoslovakia umetoka lini?"

"Machi mwaka huu. Waziri wao wa Elimu alinisindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Alisikitika sana."

"Lazima alisikitika," alisema Careen. Wala hakuirudisha karatasi.

Watahiniwa wote walifaulu, Beatus akiwa wa kwanza. Magunia kumi na manne, kila moja likiwa na jina la familia kwa mkaa, yalilala ghalani kwa Mzee Eustaki. Alhamisi mchana mkokoteni wa ng'ombe uliyafikisha stesheni, na Remigius akaketi juu yake kama chifu, akisubiri treni ya Dar es Salaam na kuwaza rangi ya mlango.

Ndipo aliposikia kilio.

Kundi la wanawake lilikuja likifuata reli, kanga zimefungwa viunoni, masufuria vichwani, na nyuma yao Mzee Eustaki na familia zote za watahiniwa. Aliyetangulia alikuwa Bibi Stefania, mkuu wa watani mjini, mwanamke ambaye hakuna msiba uliokuwa halali kabla hajafika. Alikuwa akilia kwa sauti iliyopangwa vizuri: "Chekoslovakia, mama yangu, umetuachia nani!"

"Pole, mtani," alisema, akimpaka Remigius unga usoni. "Tumepata habari za msiba wako."

"Msiba gani, bibi?"

"Wa nchi yako. Imefariki tangu Januari mosi. Careen aliisikia kwenye redio siku ileile. Imepasuka vipande viwili, maskini. Nawe Machi ulikuwa huko, mwanangu. Ulishikwa mkono na waziri wa marehemu."

Walimkalisha kwenye mkeka. Mfiwa hatakiwi kujishughulisha, wakamwambia. Kazi zote hufanywa na watani. Kisha wakaanza kuyabeba magunia, kila familia ikisoma jina lake, wengine wakicheza ngoma, Beatus akilia kwa dhati, kwa kuwa hakuna aliyemweleza.

"Hayo ni mali ya chuo," alisema Remigius.

"Mtani akifiwa, tunachukua tunachokiona," alijibu Mzee Eustaki. "Hata koti hilo nimeliona."

"Mimi si Mngoni."

Kilio kilikatika ghafla. Mzee Eustaki alivua kofia yake taratibu. "Kama si Mngoni, basi si Profesa. Na kama si Profesa, yule askari pale kwenye mizani ya mizigo atapenda kujua wewe ni nani. Mimi sitaki afahamu, maana nitaulizwa ni nani aliyezima mashine akakusikiliza. Haya, wewe ni nani?"

Remigius alimtazama askari. Akalitazama gunia la mwisho likipanda kichwani mwa Careen. Akavua koti.

"Mimi ni Mngoni," alisema.

"Pole sana, mtani," walijibu wote, na kilio kikaendelea pale kilipoishia.

Careen alisimama mbele yake. "Usihuzunike, Profesa. Mchele haujapotea. Umebadilika umbo tu." Akamwekea mapajani kifurushi cha moto. "Gunia letu tulilianza jana."

Treni ilipovuka daraja, Remigius, akiwa na shati tupu na unga usoni, alifungua kifurushi. Vilikuwa vitumbua viwili, vimefungwa katika karatasi ngumu aliyoifahamu. Kona ya chini, mahali palipokuwa na anwani ya chuo, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kwa unyofu wa mtu anayetaka kuandika barua.

Abiria wa pembeni alichungulia lile jengo refu. "Picha ya wapi hiyo, kaka?"

Remigius alitafuna kwanza, akameza.

"Ya marehemu," alisema.