Yah: Picha ya Jumatatu

Jumatatu, 9 Juni

Mama Mhuri, mkuu wetu wa masjala, kaenda likizo ya siku nne. Funguo za makabati kaniachia mimi, karani wa miaka kumi na tisa, mwezi wa tano wa majaribio. Alisema nisiguse kisichonihusu, na Ijumaa ataamua kama nathibitishwa kazini au narudi nyumbani. Niliitikia, nikazitia funguo mfukoni.

Saa nne nikakalia kiti chake. Dakika mbili tu! Faili mbele yangu, kalamu mkononi, uso nimeukunja. Nikaipandisha picha mtandaoni: "Kaimu Mkuu wa Masjala." Si uongo mkubwa. Funguo ninazo. Na yule niliyesoma naye, anayejiita Profesa, wiki nzima anajianika na joho la kuazima. Naye aone!

Mdogo wangu wa kidato cha tatu kaiona. Alisema kaka, hukukalia kiti, kiti ndicho kilichokukalia.

Jumanne, 10 Juni

Watu themanini na sita wameipenda! Shangazi kaniombea dua. Kisha Profesa, hasidi yule, kauliza chini ya picha: Mheshimiwa Kaimu, hilo faili lililogongwa SIRI, ruhusa ya kulipiga picha umejipa mwenyewe?

Nikaikuza picha. Mhuri unaonekana; jina halisomeki. Afadhali.

Mdogo wangu alisema niifute, ninyamaze. Ushauri wa kitoto. Kilichotangazwa hufutwa kwa tangazo.

Jumatano, 11 Juni

Picha nimeifuta. Tangazo nimeliandika mara nne. "Yah: Kufutwa kwa picha ya tarehe 9 Juni. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mlioiona mnaombwa mjihesabu kuwa hamkuiona." Likapwaya. Barua bila rejea si barua! Nikaongeza namba ya faili, jina kamili la mwenye faili, yaani dereva wetu wa ofisi, na kilichomo: onyo la ulevi kazini. Hapo likakaa sawa, nikalipandisha. Hata koma haikukosewa.

Kufika saa saba tangazo limesambaa kuliko picha. Profesa kalituma kila kundi. Kaniandikia ahsante, alikuwa hajui faili ni la nani.

Alhamisi, 12 Juni

Dereva kaja dirishani. Mtu wa utani na kila mtu, leo hakutania. Alisema tangu onyo lile, miaka tisa sasa, hajagusa hata tone. Binti yake hakuwahi kumwona amelewa, lakini jana kamwuliza. Hakusema alimjibu nini. Nikamshauri ajaze fomu ya malalamiko. Aliuliza fomu hupokelewa na nani. Nikamwambia na mimi. Akaondoka.

Mdogo wangu anasoma darasa moja na huyo binti. Alisema mwenzao kajifungia chooni kipindi kizima, na wenzake mlangoni wakipepesuka kilevi na kucheka. Kisha akaacha kusema nami. Sasa mimi nifanyeje? Kesho ndiyo siku yangu!

Ijumaa, 13 Juni

Mama Mhuri hakupaza sauti. Alisema wapo wanaonyea kambi. Mimi nimeinyea, kisha nikasimika kibao cha kuelekeza watu. Alikuwa keshaandaa barua ya kunifukuza. Dereva ndiye aliyeingia kumwomba. Eti kijana akikosea apewe nafasi, kama alivyopewa yeye.

Basi sikufukuzwa, na sikuthibitishwa. Miezi sita mingine ya majaribio, stoo ya karatasi, funguo nirudishe. Na barua ya onyo niiandike mwenyewe, yeye aweke saini tu, kwa kuwa mimi ndiye bingwa wa barua. Niliandika nikilia, kichwa nimekiinamisha pembeni karatasi isilowe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeisoma tena ile barua. Ni nzuri mno! Aya tatu, rejea kamili, na Mama Mhuri kasaini bila kubadilisha nukta. Kazi kama hiyo ikafie kabatini? Profesa hawezi kuandika hata mstari wake mmoja.

Nimeipiga picha karibu na dirisha, mwanga ukiwa mzuri, nikaipandisha: "Mfano bora wa uandishi rasmi." Jina langu nimelifunika kwa kidole gumba. Siku hizi lazima mtu ajilinde mtandaoni. La dereva limo aya ya pili, lakini yeye wameshamjua.