Watazamaji wa Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mashine ya gemu imefika saluni! Ndefu kama kabati la nguo, vijiti viwili, vitufe sita. Ni mpira wa kikapu, lakini si ule wa kawaida. Wachezaji wana vichwa kama masufuria, wanaruka mpaka darini, mpira unashika moto, goli linalipuka. Aliyeniuzia hakutaka hata kugusa kioo cha mashine, akaondoka bila kuaga. Mtu na haraka zake. Mpango: watu waje kucheza, wakichoka wanyolewe. Mke wangu ameuliza kwa nini nisijifunze tu kunyoa vizuri. Nikawasha mashine.

Jumanne, 4 Juni
Watu kumi na mmoja! Walionyolewa: hakuna. Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili, amenifunga mara tisa mfululizo. Akasema mikono yangu inacheza kama inavyonyoa. Watu walishika mbavu. Huyu lazima nimtie adabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimefungua mapema nifanye mazoezi, nikagundua siri! Mwisho kabisa wa orodha kuna mchezaji hana jina. Jezi ya kijivu, uso kama umefutwa kwa kitambaa. Hakosi. Anarusha akiwa ameligeuzia goli mgongo.
Saa nne Vifungo akaja na majigambo yake. Sabini kwa sifuri! Akainuka, akarudi kwake bila neno. Hatimaye heshima.
Ila watazamaji wa kwenye skrini huwa ni madoadoa ya rangi tu. Leo mmoja, safu ya tatu, ana utepe wa kupimia shingoni.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempitia Vifungo nimtambie kidogo. Anakanyaga cherehani, sindano inapanda na kushuka. Haina uzi. Hakuna kitambaa. Nikauliza anashona nini. Akasema anatazama mchezo. Macho ukutani, viganja vinapiga makofi polepole, bila sauti.
Nikarudi, nikawasha mashine. Safu ya tatu, makofi yale yale, pigo kwa pigo. Nywele zilinisimama. Halafu nikafikiri: gemu lenye sura za wateja! Saluni gani nyingine inalo? Nimempigia simu shemeji, kaka wa mke wangu. Aliwahi kuniita mvivu mbele za watu.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji: themanini kwa sifuri. Toka saa tano amekaa kwenye kiti cha kunyolea, hapepesi macho. Kwenye skrini yuko kando ya Vifungo, na miwani yake. Nikamnyoa hivyo hivyo. Hakutikisika. Kazi yangu bora kuliko zote!
Mke wangu akaja kumtafuta. Akamwita kaka yake kwa jina la utotoni. Shemeji macho kwenye skrini tu. Akanigeukia. "Umemfanya nini?" Nikasema amenogewa tu na mchezo. Akachomoa waya wa umeme. Skrini haikuzimika. Safu ya tatu wakageuza vichwa, wakamtazama yeye.
Akavuta stuli, akasema tucheze, akishinda nimrudishie kaka yake. Nikasema mimi sijui kumrudisha mtu. Akasema, "Nitajua mimi. Kaa."

Jumamosi, 8 Juni
Jana sikumalizia kuandika.
Naapa nilitaka kuchagua mchezaji mwingine. Kijiti kilienda chenyewe kwa yule wa kijivu. Au tuseme, karibu chenyewe. Nilipofika arobaini kwa sifuri, kwenye skrini kiti cha pembeni ya shemeji kikaanza kuwa na mtu. Kwanza kama moshi, halafu kilemba. Kilemba cha mke wangu. Ningeachia kijiti. Lakini nilikuwa naongoza!
Yeye hakutazama mpira. Alitazama safu ya tatu, akawa anamwita kaka yake kwa lile jina, kwa sauti, huku machozi yanamtoka. Yule wa kijivu akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesikia anaitwa. Hakusogea tena, hata nilipobonyeza vitufe vyote kwa kiwiko. Mke wangu akafunga, akafunga, akafunga. Arobaini na mbili kwa arobaini. Goli likalipuka.
Shemeji akainuka, akajishika kichwa, akauliza nani amemharibia nywele. Kutoka mlango wa pili, Vifungo anasikika akitukana sindano. Mke wangu alimkumbatia kaka yake mpaka miwani ikapinda. Ameifungia mashine stoo. Nikiigusa, anarudi kwao. Nimeapa.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amemsindikiza kaka yake. Ufunguo niliuona alipouficha. Nimechungulia tu, kuhakikisha imezimwa.
Stoo haina umeme. Inawaka. Safu zote tupu, isipokuwa kiti kimoja, mbele kabisa, katikati. Mgongoni pake imetundikwa aproni ya kinyozi. Yule wa kijivu anakifuta vumbi, taratibu, kwa kitambaa.
Maisha yangu yote nikifika kwenye shughuli nasimama ukutani, hakuna anayeniwekea kiti. Kumbe kuna mahali wanajua thamani ya mtu! Nitacheza mechi moja tu, fupi, wasinione sina shukrani.