Mapanga, Farasi na Mguu wa Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Baba bado yuko kwenye kochi. Na rimoti bado iko kwa Baba.

Aliteleza kwenye majani chai siku ile ya mvua ya mawe, mguu ukavunjika, hospitali wakamtia vyuma. Daktari wa mazoezi alimwambia atembee kila siku, hata kama ni mpaka langoni tu, la sivyo goti litakauka na halitakunjuka tena. Baba aliitikia vizuri. Tulipofika nyumbani alimpa Mama yale magongo, akamwambia yatafaa kuzuia mlango wa banda la kuku. Tangu hapo hainuki ila kwenda choo, tena kwa kunishika bega. Anatazama habari. Zikiisha, anatazama marudio ya habari.

Na mashine yangu ya gemu iko chini ya kitanda, inalala kama mgonjwa wa pili.

Nikisema yangu, naongeza chumvi. Niliinunua pamoja na Oyaro, mume wa dada yangu Caren, muuza viatu wa Kaplong. Leo amepiga simu. Anasema mashine imekaa hapa kwetu Mogogosiek vya kutosha, sasa ihamie kwake. Tukarudi kwenye ugomvi wetu wa kila siku. Yeye anasema gemu bora duniani ni ile ya Mapanga. Mimi nasema ni ile ya Farasi. Nikamwambia basi tumalize mambo: Jumapili anakuja kumwona mgonjwa, tuzipime kwa vita, kwa hadithi, na kwa nyongeza, ile sehemu mpya unayoipakua gemu ikishaisha. Mshindi anakaa na mashine.

Akauliza hakimu ni nani. Nikasema Baba.

Akakubali haraka. Sikupenda alivyokubali haraka. Lakini Baba niko naye wiki nzima!

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Baba kwamba daktari amesema habari zinapandisha presha. Akauliza daktari gani. Nikasema wote.

Akanipa rimoti, nafikiri kwa kuchoka tu.

Nikaanza na Mapanga, ili aichukie mapema. Mwanamume ana panga refu kuliko yeye mwenyewe, hana shati, na kote ni theluji, anazungukwa na majitu. Baba akatazama. Kisha akauliza, "Hao wengine wanangoja nini?" Kweli, wanakuja mmoja mmoja, kama watu kwenye foleni ya maziwa. Nikasema ni ujinga wa gemu hii. Baba akasema mtu aliyefyeka msitu anajua panga linachosha bega, na huyu hachoki. Nikafurahi sana.

Halafu akasema, "Hebu ampige tena yule."

Nikapiga. Tena. Mara ya tatu Baba alikuwa anatikisa bega lake pamoja na mimi.

Nitaandika hapa tu: vita vya Mapanga ni vitamu. Kosa moja, umekufa. Ukimpata adui, mkono unasikia uzito. Kwenye Farasi unajificha nyuma ya jiwe na kufyatua risasi mpaka jioni. Sitamwambia mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Leo Farasi. Matatizo yakaanza hapo hapo.

Wanaongea Kiingereza cha puani. Baba hakushika neno. Akawa anauliza, "Anasema nini?" Sasa, ukweli wa hadithi ni huu: mpanda farasi ni mwizi. Ameiba tangu utotoni, sasa amechoka na anatafuta kusamehewa. Ni hadithi nzuri mno, mimi ilinitoa machozi. Lakini Baba aliibiwa mtamba mwaka juzi. Hawezi kumwonea huruma mwizi hata kwa dakika moja.

Nikatafsiri kwa uangalifu. Nikasema huyu ni mkulima. Wameiba ng'ombe wake. Yeye na mdogo wake wanawafuata.

Baba akaketi wima! Akamwita Mama aje aone.

Mama akaja na ungo wake wa maharagwe. Akatazama kidogo, akauliza mbona mtu anayetafuta ng'ombe anaingia benki amejifunga kitambaa usoni. Nikasema ni vumbi. Mama akasema hm.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua, stima hakuna. Nimekamua, nimechuma chai nimelowa mpaka mifupani, nikarudi nikitaka kulala tu.

Baba alikuwa ananingoja. Akauliza yule mkulima amefika wapi. Nikasema stima hakuna. Akasema si wewe unaijua, isimulie.

Nikasimulia. Sijui nilipatwa na nini. Nikamvusha mdogo mtu mto uliofurika, nikaona Baba ameacha kutafuna, nikamzamisha. Baba akavua kofia. Tukamzika ng'ambo, kwenye kilima. Kisha Baba akauliza mjane anatunzwa na nani. Nilikuwa nimesahau kumpa mke! Nikampa mke. Baba akauliza na watoto. Nikampa watoto. Kazi ya kutunga inachosha kuliko kubeba kikapu cha chai.

Lakini Baba alimaliza ugali wote, akaomba mursik, maziwa yetu ya mgando. Mama ameniangalia kwa upole jioni nzima. Hata sikujua niangalie wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Stima imerudi. Gemu haitaki kufuata hadithi yangu. Leo mpanda farasi ameiba gari moshi. Nikasema ni la wezi wa ng'ombe. Baba akasema wezi siku hizi wana mali.

Kisha akanyoosha mkono akataka kontrola, ile ya kuchezea. Yangu! Nikamfundisha, nikijua atachoka.

Hakuchoka. Asubuhi yote alimwendesha farasi kwa mwendo wa kutembea, kwa sababu mnyama ana mwili kama sisi. Hakumpiga mtu risasi. Aliwasimamia wapita njia wote awaamkue, na asiyeitikia alimwita mtoto asiye na adabu. Mvua ya gemu iliponyesha akamfunga farasi chini ya mti, akasema tungoje iishe. Tukangoja.

Mchana nimepeleka mashine mpaka kwa rafiki yangu karibu na kiwanda, huko mtandao una nguvu, nikapakua nyongeza. Hapo ndipo nitammaliza Oyaro. Nyongeza ya Mapanga ni panga jipya na joho jekundu, basi. Ya Farasi ni hadithi nzima mpya.

Sijaicheza. Hakuna nafasi, Baba ameshika kontrola. Lakini hadithi ni hadithi, nitaiweza.

Jumapili, 10 Agosti

Sina nguvu za kuandika. Naandika.

Oyaro na Caren walikuja baada ya kanisa, na mkate na mkungu wa ndizi. Gari la kuazima waliliacha juu barabarani kwa sababu ya matope. Tukala, tukaomba, Baba akakaa kama mwenyekiti wa kesi.

Vita: Mapanga. Baba hakufikiri hata kidogo. Oyaro akacheka.

Hadithi: Farasi. Baba akaanza kumweleza Oyaro sababu. Ng'ombe, mto, kaburi, mjane. Oyaro akauliza, ng'ombe gani? Nikamkanyaga mguu. Akauliza tena, kwa sauti zaidi.

Nikawahi kufungua nyongeza. Mlango wa hoteli ukafunguka, na ndani, mezani, yuko mdogo mtu! Mzima. Anakunywa pombe na kucheka.

Baba akasema, "Huyu si tulimzika Alhamisi?"

Nikasema huyo ni pacha.

Oyaro akasema, "Shemeji, pacha wapi?" Kisha akamtafsiria Baba kila kitu, pole pole, kama mtu anayekula pipi. Benki. Gari moshi. Wezi tangu utotoni, wote wawili.

Baba akanigeukia. "Na ng'ombe?"

Nikasema hakuna ng'ombe, Baba.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alitazama tivi, yule mtu na farasi wake, uso kama wa mtu aliyeibiwa mara ya pili. Mama akaacha ungo. Nilitamani kurudi kwenye mvua.

Kisha akatoa hukumu. Farasi ndiyo bora, ameshinda Kipngeno, yaani mimi. Hata kama ni mwizi, akasema, bado anataka kujua mtu huyo anaishia wapi. Lakini mashine itakwenda Kaplong, kwa sababu akibaki na mimi hatajua kamwe kilichotokea. Na yeye anakwenda nayo, waianze upya, Oyaro atafsiri.

Akamwomba Mama magongo. Mama akakimbia bandani, kuku wakatoka wote.

Nikampa bega, akalikataa. Oyaro akampa lake, akalikataa pia. Akashika magongo, akapandisha mlima mwenyewe, hatua kwa hatua katikati ya chai, na matope yale. Caren alilia waziwazi. Mimi nilibeba sanduku la mashine nyuma yao kama mwombolezaji. Katikati Baba akasimama kupumua. Bila kunitazama akauliza kama, kwenye ile ya kweli, mjane alisaidiwa.

Nikasema hakuna mjane.

"Pole," akasema. "Hapo ulikuwa umepanga vizuri."

Akaendelea kupanda.

Jumatano, 13 Agosti

Caren amepiga simu. Baba anatembea mpaka barabarani kila asubuhi, kisha anadai apewe kontrola. Daktari wa mazoezi amefurahi, anauliza tulitumia mbinu gani. Oyaro hajagusa Mapanga hata mara moja! Akirudi kutoka dukani anatafsiri mpaka sauti inakauka. Nimecheka peke yangu zizini mpaka ng'ombe akanigeukia.

Na mimi? Nimeazima mashine ya zamani kwa rafiki yangu. Nimerudi nayo leo, nimechoka, nikijua tivi ni yangu hatimaye.

Mama alikuwa kwenye kochi. Na rimoti.

Kumbe siku hizi, Baba akiwa hayupo, amegundua tamthilia ya kigeni. Jumba kubwa, wanawake wenye hereni, Kiingereza tupu. Akaniambia niketi. Akauliza yule wa gauni la kijani anasema nini.

Mwanamke huyo alikuwa anauliza nani ameona funguo za gari.

Nikatazama rimoti. Nikamwambia Mama, anaaga. Tamthilia imeisha leo, familia yote inahamia Kanada.

Mama akashika kifua. Akauliza, hata yule mjamzito?

Nikafikiri kidogo. Huyo, nikasema, ana kisa kirefu. Nikavuta kiti.