Siku ya Kumrekodi Hawe Mweri

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mtopanga. Leo nimepata kazi itakayoniozesha mke. Jumapili ukoo wa Jumwa, binti ninayemtaka, unakutana Utange kumsikiliza nyanya yao, Hawe Mweri, asimulie walikotoka. Hajawahi kusimulia, na siku hizi kifua hakimpi raha. Mama Margaret, mamake Jumwa, akauliza nani atarekodi. Nikawahi kusema mimi, kabla Erastus hajafungua mdomo. Erastus hupiga video za harusi na anajiona. Akanishauri niende mapema nione Hawe atakaa wapi, jua litakuwa upande gani, majirani wana kelele gani. Nikamjibu mwenye kipaji haendi kukagua kiti.

Alhamisi, 7 Agosti
Jumwa kauliza kama nimeandaa maswali. Nimemwambia yamo kichwani. Hayamo. Nilikuwa na shughuli ya utangulizi wa video: mimi natembea, nimevaa koti, natazama mbali. Mara ya kwanza mbuzi akapita. Mara ya pili nikatazama mbali mno, nikajikwaa. Nimerudia kutwa nzima. Zote nimeziweka kwenye simu. Huwezi kujua ipi itapendeza.

Jumapili, 10 Agosti
Natamani ardhi inimeze, ila hata ardhi ingeniuliza kwanza kama nimejiandaa.

Hawe aliketi mlangoni, jua mgongoni kwake. Kwenye simu akawa kivuli chenye kilemba. Nyuma ya ua kumbe pana mafundi wa kuchomelea mageti. Nikajipa moyo kwamba sauti itapenya. Hawe akasimulia mwaka wa njaa, walivyohama kwa miguu. Akasema alikuwa na binti wa kwanza, Kadzo, na alimzika njiani kwa mikono yake. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo, hata Mama Margaret, binti yake wa kumzaa. Watu wakalia. Nami nikalia, nikafuta macho, nikatazama simu. Ilikuwa imejaa, ikaacha kurekodi tangu kwenye habari za njaa. Imejaa mimi, nikitembea.

Watu walipokwenda kula nikamwendea Hawe, nikamwomba anisimulie tena kidogo tu, pale pa Kadzo. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, hilo limenitoka leo. Silimezi tena ili nilitoe."

Jumwa akauliza imetokaje. Nikasema vizuri ajabu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepata dawa. Kivuli ni kivuli. Nimemketisha shangazi yangu Gladys mlangoni kwetu, jua mgongoni, kilemba kichwani. Nikamwelekeza aseme habari za Kadzo, kisha alie. Kusema alisahau. Kulia alilia vizuri sana.

Alhamisi, 14 Agosti
Wameiona video yangu. Hawe aliitazama hadi mwisho, akauliza huyo mama kafiwa na nani. Mama Margaret akainuka, akaingia ndani. Jumwa akanisogelea taratibu.

"Changawa, umemtafuta mtu wa kumwigizia kilio dadake mama?"

Heri angenipigia kelele. Nimerudi nyumbani, sijala.

Jumapili, 17 Agosti
Erastus karekodi upya. Jana alikwenda kushinda na Hawe bila kamera, wakapiga soga tu. Akageuza kiti, akawaomba mafundi wapumzike. Uso wa Hawe unaonekana hadi kila kunyanzi. Kasimulia njaa, safari, shamba la kwanza. Kadzo hakumtaja. Alipofika pale alivuta pumzi, akaendelea na mbegu za mahindi. Erastus hakumlazimisha. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua, nikisikiliza. Nilijua anaruka nini. Sote tulijua. Jumwa alitoka kumwaga maji, akanisalimu kama anavyosalimiwa mpita njia.

Jumatano, 20 Agosti
Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa wapi, na leo nimelipata: simu ni ndogo.

Binamu yangu Munga wa Likoni anaoa, na mpiga video wake kaugua. Nimemwambia aniachie mimi. Kaniuliza kama ningependa kuvuka kwa feri nikauone ukumbi kwanza. Nimemwambia ukumbi ni ukumbi. Nimemtumia Jumwa ujumbe aje ashuhudie. Nitaazima simu kubwa mahali. Harusi ni Jumamosi. Au Ijumaa. Nitajua nikifika.