Malalamiko Kuhusu Nusu Ukuta Uliojengwa Mbele ya Kiti Changu

Kwako Mhariri wa ukurasa wa Nyumba na Mapambo,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuwafundisha watu waliozaliwa majumbani namna ya kukaa majumbani. Mimi ni mama mtu mzima, mjane, niliyestaafu kazi ya kukata tiketi kwenye kidirisha cha kituo cha mabasi. Naishi kwa mwanangu wa pekee na mke wake, na sina ugomvi na mtu. Nakuandikia kwa sababu makala yako, ile ya namna ya kutenga jiko na sebule bila kuvitenga kabisa, imeingia nyumbani kwetu, na matokeo yake ni kwamba mimi sasa naangalia tofali.

Kwanza nikueleze tulikotoka. Nyumba hii ilikuwa na jiko na sebule katika chumba kimoja. Kiti changu kilielekea jikoni, na kutoka hapo nilimsaidia mkaza mwanangu kwa maneno, maana magoti yangu hayaniruhusu kusimama. Nilimwambia kitunguu bado. Nilimwambia chumvi, na akishatia nilimwambia mbona nyingi. Hakuwahi kunijibu vibaya. Alisema tu, "Sawa, mama," kisha akafungua bomba la maji mpaka mwisho, nami nikapandisha sauti ili asipitwe na kitu. Tuliishi hivyo kwa upendo hadi siku alipoliona gazeti lako, akalikunja kwenye ukurasa wako na kumwonyesha mume wake. Yaliyofuata ndiyo haya ninayoyalalamikia.

1. Rafu. Ulishauri rafu iliyo wazi pande zote, yenye vyungu vya mimea, "ili macho yapumzike." Macho ya nani, Mhariri? Yangu hayakuwa yamechoka. Seremala akaileta, ikapangwa mimea, nikawa natazama katikati ya majani kama mlinzi anayevizia wezi wa mahindi. Hata hivyo niliweza kuona kwamba maharage yanafunikwa mapema, na nikasema. Kesho yake mimea ikaongezwa. Baadaye mingine ilikauka. Wanadai naimwagia chai yangu. Mimi nakunywa chai kila siku na sijakauka.

2. Pazia la shanga. Wahenga walisema macho hayana pazia; ninyi mkaona hiyo ni kasoro, mkairekebisha. Siku moja nilikwenda kuchungulia sufuria, shanga zikanasa kwenye miwani na kwenye hereni zangu kwa pamoja. Mkaza mwanangu alikuja mbio kunitoa. Nilikataa. Nilisimama palepale na magoti yangu haya, nimenaswa kama samaki, mpaka mwanangu aliporudi kutoka kazini, ili mwenye nyumba ajionee mwenyewe. Pazia lilishushwa jioni hiyohiyo, na nilidhani tumemalizana.

3. Nusu ukuta. Hatukuwa tumemalizana. Nilikwenda kumwona dada yangu aliyelazwa, na niliporudi nikakuta fundi mwashi amekwisha kuja na kuondoka. Tangu siku hiyo, nikiwa nimekaa, namwona mkaza mwanangu kuanzia mabegani kwenda juu. Yaani naona uso, sioni mikono. Mhariri, nimekata tiketi ujana wangu wote. Uso ni wa kuombea kupunguziwa nauli. Ukweli wa mtu uko mikononi. Sasa nauona uso huo umeinama, unatabasamu. Unatabasamia nini? Sufuria haichekeshi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna mhenga aliyetaja nusu.

4. Aibu mbele ya majirani. Jirani yetu mshonaji alikuja kuniamkia, akavuta harufu, akauliza kinachopikwa. Mimi, ndani ya nyumba ya mtoto niliyemzaa, nikalazimika kusema sijui. Mtu mzima asiyejua kinachopikwa nyumbani kwake ana tofauti gani na mpangaji? Tangu hapo jirani huyo akiniamkia huniambia "pole," na haniambii pole ya nini.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi, na nitalisema mara moja tu. Ukuta mzima ningeuelewa. Ukuta mzima ni neno. Aliyejengewa ukuta mzima anajua hatakiwi, anafunga sanduku lake na kuondoka na heshima yake. Lakini nusu ukuta ni nusu neno. Unakuacha umekaa na shingo umeinyoosha, hujui umefukuzwa au umekaribishwa. Kama mkaza mwanangu amenichoka, kwa nini hakumaliza?

6. Na sasa nasikia juu ya huo ukuta panawekwa kioo cha ukungu, kile cha madirisha ya bafu, utadhani mchuzi unaoga.

Simlaumu mwanangu. Huyo tangu utotoni ni mpole, hana neno, na hajui tofali linashikwa upande gani. Haya yote ni ya mke wake, kwa msaada wako. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uchapishe masahihisho, kwa herufi kubwa kama zile za makala. Ikishindikana, waambie wasomaji kwamba kila penye nusu ukuta, kiti cha mama kinyanyuliwe juu kama cha mwamuzi wa tenisi. Hilo nalo likiwa gumu, majiko yahamishiwe sebuleni na makochi yaende jikoni. Na kama hata hapo hamtanielewa, basi nyumba zote zijengwe bila kuta za ndani, isipokuwa choo, na choo nacho tukijadili.

Nisalimie wapiga chapa, wapiga picha, na wote wanaokusaidia kazi. Msalimie pia yule binti aliyesimama jikoni pichani na gauni jeupe, umwambie kwamba inaonekana wazi hajawahi kukaanga kitu.

Ni mimi niliye upande wa pili wa tofali,

Mama wa Mwenye Nyumba

N.B. Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimelazimika kuifungua. Leo fundi mwashi amekuja kupima hicho kioo. Mkaza mwanangu alikuwa ametoka kununua mboga. Nikampa fundi chai, nikamwuliza kwa upole kwa nini aliacha kazi njiani. Akasema hakuiacha, alisimamishwa. Alikuwa ameagizwa ukuta mzima, mpaka darini, na mlango wenye kitasa, na matofali yaliyobaki bado yako uani. Nikamwuliza nani aliagiza. Akasema, "Baba mwenye nyumba." Na hicho kioo je? Akasema ni yeye yule.

Fundi anasema alipofika usawa wa kiuno, mkaza mwanangu alitoka chumbani akamwambia aweke mwiko chini. Akampigia mume wake simu, wakabishana mpaka saruji ikaanza kuganda kwenye karai. Fundi alisikia upande mmoja tu wa maneno. Anasema dada yule alikuwa akirudia jambo moja: "Tukiziba hapa, mama atakaa na nani?"

Nimemwambia fundi akunje futi yake aende zake, kioo hakitakiwi. Mwanangu mpole nitazungumza naye akirudi, na kwa mazungumzo hayo sihitaji ukuta wala nusu.

Kwa hiyo usiichape barua hii.

Mkaza mwanangu amerudi, ameanza kupika. Nimeamua kunyamaza, iwe ndiyo shukrani yangu. Nimenyamaza mpaka nikapaliwa na mate. Mara nikamwona ameinama juu ya ukuta na kisu mkononi, ananitazama kwa wasiwasi. "Mama, mbona kimya? Unaumwa?" Nimemwambia siumwi, ila kwa mlio wa kisu hicho, viazi vinakatwa vikubwa mno, havitaiva leo.