Miezi Thelathini na Sita ya Darlene

Jumatatu, 3 Machi
Na iandikwe, kwa faida ya vizazi vijavyo vya Clarksville, Tennessee, kwamba leo saa mbili kasorobo asubuhi jirani yangu Vernon Boggs ametoka nyumbani kwake na begi jipya mgongoni. Mtu wa miaka arobaini na mitatu! Alikuwa anapeleka taka kwenye pipa.

Anasoma chuo. Bure. Mkewe ni mwanajeshi, na jeshi lilikuwa limlipie miezi thelathini na sita ya masomo. Miezi hiyo akamwachia mumewe. Boggs hajawahi hata kufunga kamba za buti. Mimi pia sijawahi, ila mimi nina akili.

Darlene wangu ni sajini, fundi wa malori ya jeshi. Naye ana miezi yake thelathini na sita. Imelala tu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango wa kwanza: mkate wa nyama kama wa mama yake. Umeungua upande mmoja; nikageuza sahani. Darlene akala, akauliza nimevunja nini. Nikasema sijavunja kitu, naomba miezi. Akaweka uma chini.

"Unataka kusoma nini, Leland?"

Huko sikuwa nimefika. Nikasema uongozi.

"Umwongoze nani?"

Kisha akanieleza kwamba ili miezi iwe yangu, lazima atie saini miaka minne mingine jeshini. Mkataba wake unaisha Juni. Na magoti yake, baada ya miaka kumi na minne chini ya malori, hayakunjiki vizuri. Nikamwambia miaka minne si mingi. Akanitazama kama anavyotazama injini kabla ya kusema imekufa.

Lakini hakusema hapana.

Alhamisi, 6 Machi
Boggs amekuja kuazima ngazi. Hakuwa na shida ya ngazi. Alitaka nione kitambulisho chake cha mwanafunzi. Eti hata sinema anaingia kwa nusu bei. Akasema nikijiunga nimwambie, atanionyesha maktaba iliko. Maktaba! Nimempa ngazi ile fupi.

Mchana nimenunua begi. Kubwa kuliko lake. Lina mifuko miwili ya chupa za maji.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Darlene kaniambia nimsindikize ofisi ya elimu kambini, kuna karatasi za kutia saini. Nimevaa tai. Nimevaa begi. Kutoka mlangoni hadi garini nimetembea polepole mpaka Boggs akachungulia dirishani. Nikampungia mkono.

Ofisini, mama mmoja wa miwani akatoa fomu. Darlene akatia saini. Nikachomoa kalamu yangu. Yule mama akaniuliza mimi ni nani.

Fomu ni ya Darlene. Anatoka jeshini Juni, Agosti anaanza kusomea ualimu wa hesabu. Miezi yote thelathini na sita, yake. Barua ya kukubaliwa chuoni ilikuja Januari. Iko kwenye droo ninamoweka shajara hii.

Garini nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia. Ukaniuliza kama Boggs anajua."

Akanyoosha goti, akaanza kuimba peke yake. Hakuwa ameimba ndani ya gari tangu tuoane.

Jumapili, 9 Machi
Sasa nina watu wawili wa kuwaonea wivu mtaa huu, na mmoja analala upande wangu wa kushoto. Begi amelichukua yeye. Anasema ile mifuko ya maji itamfaa.

Sikati tamaa. Nitaomba chuo mwenyewe, nianze kabla ya Agosti, niwatangulie wote wawili. Boggs nimeshamtangazia. Nimekaa na fomu tangu kifungua kinywa. Jina nimelijaza kwa wino mweusi, mwandiko safi kabisa.

Swali la pili wanataka mwaka niliomaliza sekondari.

Sikumaliza.